Jerk si kuku wa pilipili tu
Wengi Nairobi huamini kwamba kuku yeyote wa kuchoma aliyepakwa pilipili kali ni jerk. Sivyo. Jerk ni upishi wa Jamaika, uliokuzwa na Wamaroon, watumwa waliotoroka wakaishi milimani. Pilipili yao, Scotch bonnet, ni kali kweli, lakini roho ya jerk ni pimento: tunda dogo lililokaushwa, lenye harufu inayokumbusha karafuu, mdalasini na kungumanga kwa pamoja. Watu hulidhania mchanganyiko kama bizari ya pilau, kumbe ni kiungo kimoja. Huongezwa thaimu na vitunguu vya majani, nyama ikalala na viungo usiku kucha, kisha ikaiva polepole kwa moshi wa kuni za mpimento.

Hapa kwetu kuni hizo ni adimu. Makaa yanafaa, mradi jiko lifunikwe moshi usitoroke.

Basi ukifika hotelini usiulize tu kama kuku ni mkali. Muulize mpishi kuku huyo amelala na viungo tangu lini, na kama ametiwa pimento. Tazama rangi pia: jerk ni kahawia iliyokolea, karibu nyeusi. Kuku mwekundu wa rangi ya tikka, hata akikutoa machozi, si jerk.