Phú Quốc kwa boti: maneno ya watu na hali ilivyo

“Phú Quốc haihitaji viza.” Maneno haya yanawaponza wengi kwa sababu nusu yake ni kweli. Raia wa taifa lolote anaruhusiwa kukaa kwenye kisiwa hiki cha Vietnam siku 30 bila viza, ili mradi asiingie sehemu nyingine ya nchi. Lakini boti zinaondokea Hà Tiên na Rạch Giá, miji ya bara. Ukikanyaga Hà Tiên umeshaingia nchini, msamaha ule haukuhusu tena. Anayeitaka safari ya boti aombe viza ya mtandaoni. Tangu Agosti 2023 inatolewa kwa raia wa nchi zote.

“Kisiwa cha Vietnam, basi kiko ubavuni mwa Vietnam.” Tazama ramani: kiko karibu zaidi na Kambodia. Kutoka Hà Tiên ni kama kilomita 45, zaidi kidogo ya saa moja kwa boti ya kasi. Kutoka Rạch Giá ni saa mbili na nusu hivi. Tena boti nyingi hutia nanga Bãi Vòng, mashariki, ilhali mji wa Dương Đông uko magharibi. Kuna teksi ya kulipa hapo. Noti ya dong (sarafu ya Vietnam) 20,000 na ya 500,000 zote ni za buluu, kwa hiyo hesabu sifuri.

“Nchi ya joto, bahari shwari mwaka mzima.” Mtu wa pwani asingesema hivi. Kusi yetu ikivuka ikweta hupinda, ikawa pepo za kusini-magharibi zinazoinyeshea Asia. Kati ya Mei na Oktoba mawimbi huupiga ufuo wa magharibi wa Phú Quốc, na siku nyingine boti hazitoki kabisa. Ukienda Agosti, usikate tiketi ya ndege ya siku ile ile unayovuka. Novemba hadi Aprili ndiyo nafuu.

“Siku moja unakizunguka.” Hapana. Ni kikubwa kuliko Mafia, na urefu wake unakaribia kilomita 50. Kwa mapumziko mafupi chagua: msitu wa hifadhi ya taifa kaskazini, au kusini kwenye visiwa vya An Thới na gereza la wakati wa Vita vya Vietnam, ambalo sasa ni makumbusho. Mimi ningechagua kusini.

“Nước mắm ni maji ya samaki waliooza.” Wanausema hivyo mchuzi wa samaki wa Vietnam, na hili linaniudhi kidogo, hasa likitoka kwa mtu anayekula ng'onda. Samaki wenyewe ni cá cơm, jina lenye maana ya “samaki wali”. Unguja tunao ndugu zao, na sisi tunawaita dagaa mchele. Hutiwa chumvi humo humo kwenye chombo cha uvuvi wakingali wabichi, kisha hushindiliwa kwenye mapipa makubwa ya mbao kwa takriban mwaka mzima. Chumvi inazuia uozo, nyama inayeyuka polepole, na kinachochujwa ni cha rangi ya kahawia nyekundu. Mwaka 2012 Umoja wa Ulaya uliliwekea jina la Phú Quốc ulinzi, lisibandikwe ovyo. Kwenye chupa tafuta kipimo cha nitrojeni: namba ikiwa kubwa, ladha ni nzito. Ila ukirudi kwa ndege, uliza kwanza kabla ya kununua. Mashirika ya huko yanaiogopa harufu ya chupa iliyopasuka.