Je, wajua kwa nini tumbawe ukilikata vipande halifi, linazidi kuongezeka?

Jumapili moja shemeji kanivuta Njiro, "twende ukaone maajabu", mi nikajua ni nyama choma kama kawaida yake. Kumbe wana kikundi chao, watu kama kumi ivi wa Arusha na wengine watatu wanaokuja kutoka Moshi, wanafuga matumbawe nyumbani. Ndio, matumbawe ya baharini, huku kwetu mita 1,400 juu ya bahari, kwenye tenki za vioo sebuleni. Siku hiyo walikuwa na mgeni, mama mmoja wa Kizanzibari ambaye kazi yake ni matumbawe tu, wote wanamwita Dokta.

Dokta wala hakutoa hotuba. Kaomba beseni la maji ya tenki, koleo na taulo, kavaa glavu na miwani ya plastiki, afu katoa tumbawe moja lenye matawi kama pembe za swala, kahawia na ncha za zambarau, kaminya koleo, ka! Tawi likadondoka kwenye beseni na ute ukaanza kuchuruzika pale lilipokatika, mzito kama wa bamia. Mwenye tumbawe kashika kichwa, maana alilea hilo dude karibu miaka miwili. Dokta kacheka tu, kakata la pili, la tatu, hadi sita. "Ulikuwa na moja, sasa unayo saba."

Sasa hapo ndo swali lilipo. Tumbawe ni mnyama, sio jiwe na sio mmea, ndugu yake wa karibu ni yavuyavu, lile dude la ute linalowasha watu wakiogelea. Mbuzi ukimkata mguu, mguu hauendi kuanzisha mbuzi mwingine. Huyu anawezaje?

Jibu ni kwamba ile unayoiona kama tumbawe moja sio mnyama mmoja, ni ukoo mzima. Ukisogeza jicho karibu na tawi (Dokta alitupa lenzi, tukapokezana kama watoto) unaona vitundu vidogo vingi na kila kitundu kina kidude kama ua lenye minyiri midogo inayocheza. Hicho kidude kinaitwa polipu, na kila polipu ni mnyama kamili: ana tumbo lake, ana mdomo wake, japo mdomo huo huo ndo anatolea na uchafu, tusiongelee sana. Hana ubongo, hana moyo, hana damu. Maana yake hakuna makao makuu ambayo ukiyakata kila kitu kinakufa. Wote walianza na polipu mmoja aliyetua kwenye mwamba, akajigawa wakawa wawili, wakawa wanne, na bado wameungana kwa utando mwembamba wa nyama ambao wanagawiana chakula humo humo. Chini ya huo utando ni mfupa mtupu, kalsiamu kaboneti, ndo maana wazee wa pwani walikuwa wanachoma matumbawe kupata chokaa na wakajengea mawe yake nyumba za Mji Mkongwe na msikiti mkuu wa Kilwa Kisiwani. Kwa iyo koleo la Dokta kwa sehemu kubwa lilikuwa linavunja jiwe, nyama yenyewe ni ya juu juu tu.

Wengine tulikuwa tunaitikia tu bila kuelewa, mpaka mzee mmoja wa Machame aliyekaa kimya muda wote akasema, "Mama, samahani, huu si mgomba tu?"

"Enhe baba, hebu wafafanulie."

Akaeleza. Ndizi za kihambani, yaani shamba la nyumbani la Wachaga, hazina mbegu, hakuna mtu aliyewahi kupanda mbegu ya mgomba wa mshare. Unang'oa chipukizi kwa mama yake unapeleka pale, linakua, na ni mshare ule ule wa bibi yako, sio mtoto wake, ni yeye mwenyewe kahamia shamba lingine. Dokta akafurahi mpaka akapiga makofi, akasema ameeleza miaka yote akitumia muhogo na hajawahi kupata mfano mzuri hivyo. Akaongeza kitu kimoja tu, kwamba chipukizi la mgomba lazima litoke na kitunguu chake cha chini, ila tumbawe kipande chochote chenye polipu wazima kinatosha.

Na chakula je? Hapa ndo mimi niliposhangaa zaidi. Ndani ya nyama ya polipu kunaishi vijimwani vidogo mno, hata kwa lenzi huvioni, ndo vinavyompa ile rangi ya kahawia. Vinapokea mwanga vinatengeneza sukari, na polipu anaweza kupata mpaka asilimia 90 ya nguvu zake kutoka kwao. Yaani kipande kinapokatwa kinaondoka na jiko lake na mpishi wake ndani. Wewe kazi yako ni kukipa mwanga, ndo maana zile tenki zina taa za bluu mpaka sebule inafanana na klabu.

Baada ya kukata ni kuoga na kubandika. Vipande vikachovywa kwenye maji yenye dawa ya iodini dakika chache kuua vijidudu, afu kila kimoja kikabandikwa kwenye kisahani cha saruji kikubwa kama kifuniko cha soda. Gundi ni nini? Supagluu! Nilidhani ananitania. Supagluu inakauka kwa kukutana na unyevu, kwa iyo ndani ya maji inashika vizuri tu, ila walitumia ile nzito kama jeli maana ile ya maji maji inakimbia. Ikipita wiki moja au mbili utando wa nyama unaanza kutambaa kutoka kwenye kidonda, unafunika gundi, unashuka kwenye saruji.

Kuna jambo lingine lilimfanya Dokta akae kwenye ncha ya kiti. Matumbawe ya matawi yanakimbia, mengine sentimita 10 kwa mwaka, ila yale ya duara kama mawe yanakua kama sentimita moja tu. Kule Florida, Marekani, mtafiti David Vaughan wa maabara ya Mote alivunja tumbawe kwa bahati mbaya akihamisha vitu, vikabaki vipande vya polipu wachache tu, akajua vimekufa. Aliporudi kuviangalia akakuta vinakua kwa kasi ambayo hajawahi kuiona. Kipande kidogo kina kingo nyingi za kuponya kuliko ukubwa wake, na mwili unakimbilia kuziba kidonda. Tangu hapo wanayakata makusudi vidogo vidogo, wanavipanga karibu karibu juu ya mwamba uliokufa, vinakua mpaka vinagusana, na kwa kuwa ni damu moja vinatambuana na kuungana vinakuwa tumbawe moja tena.

Matumbawe ya pwani yetu yaliungua vibaya na joto la bahari mwaka 1998, kwa iyo mambo haya ya kupanda vipande sio ya matajiri wa Njiro tu. Ila nilipenda Dokta hakupamba. Alisema ukipanda baharini vipande vya mama mmoja tupu umepanda shamba la mgomba mmoja, ugonjwa ukija unabeba wote, kwa iyo yale yanayozaliwa kwa mayai bado yanahitajika.

Mtu akauliza kama anaweza kwenda Tanga kujichotea lake. Dokta akamkazia macho. Matumbawe magumu yote yamo kwenye mkataba wa CITES, ule wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe vya porini, kuyavusha mpaka ni mpaka uwe na kibali, na hata bila mpaka, alisema, utavunjaje kule wakati mwenzio hapa anakukatia bure? Glavu na miwani nazo sio mbwembwe. Kuna jamii ya zoantidi, ndugu wa matumbawe, laini na zina rangi nzuri kweli, nyingine zina palitoksini ambayo ni kati ya sumu kali kabisa zinazojulikana, kwa iyo usizikate mikono mitupu na jiwe zilipoota usilichemshe kamwe, mvuke wake umelaza watu hospitali.

Jamaa mmoja wa Moshi aliondoka na vipande viwili kwenye ndoo, kimoja cha yale matawi na kingine cha aina tofauti na mwenzie. Wiki tatu baadae shemeji kanionyesha picha. La matawi limeshashuka kwenye saruji, limezunguka kama ukingo wa chapati. La pili upande mmoja ni jeupe pee, nyama hakuna. Alikuwa ameviweka vinakaribia kugusana, na matumbawe yasiyo ndugu yakikutana usiku yanatoa nyuzi za tumboni yanamyeyusha jirani. Dokta alijibu kwa ujumbe wa sauti, sekunde nne tu: "Vitenganishe, baba. Kwa kiganja kizima."