Lengalenga (mchicha) kupendeza si cheti cha udongo

"Udongo wetu ni mzuri, si unaona lengalenga inavyopendeza?" Hapa Lubumbashi neno hilo limenichosha, maana linasemwa huku mtoto wa miaka mitatu akichimba pembeni, kijiko mkononi, kidole mdomoni.

Mmea haukupimii udongo kama una metali zenye sumu. Shaba ikizidi, kweli, unalalamika: majani yanageuka manjano, mizizi inadumaa. Kadimi, metali nyingine yenye sumu, haina adabu hiyo. Inapanda mpaka kwenye majani, na lengalenga inabaki kijani, imenenepa, inangoja bukari (ugali). Risasi, ile metali nzito, haipandi sana; nyingi hubaki kwenye mizizi, na nyingine iko kwenye vumbi lililoganda juu ya jani. Ndiyo maana "nimeosha vizuri" ni nusu ya jibu. Maji yanaondoa vumbi. Kilicho ndani ya jani hakioshwi.

Kiwanda cha kuyeyusha shaba kilianza mjini hapa 1911, na upepo unatoka zaidi kusini-mashariki. Mwenye lupango (kiwanja cha nyumba) kaskazini-magharibi ya bomba la moshi la kiwanda, upande vumbi lake linakopeperushwa, asitegemee macho yake.

Lakini kwa mtoto mdogo hatari kubwa ni mkono kuliko jani. Anapanda, anafuta kamasi, ananyonya kidole. Risasi anayoimeza, mwili wake unafyonza sehemu kubwa kuliko wako, na zaidi akiwa na njaa au akipungukiwa na madini ya chuma. Halafu kuna nyinyi mnaofagia lupango kikavu kila asubuhi mwezi wa nane, mnajivunia usafi! Vumbi hilo linaingia wapi kama si kwenye pua na sufuria? Nyunyizeni maji kwanza.

Basi mpe mtoto shamba lake: mfuko wa mahindi, au bidoni (dumu) ya lita 20 iliyokatwa juu na kutobolewa chini. Jaza mchanganyiko huu: kwa kila ndoo tatu za udongo wa kichuguu cha mbali na kiwanda, ukiwa umeondoa sentimita 20 za juu, ndoo moja ya samadi iliyooza ikawa haina harufu. Usikimbilie chokaa: udongo wa kichuguu mara nyingi una kalisi ya kutosha, na ukizidisha, majani yanakosa chuma na kuwa manjano. Chokaa ya ukutani inaunguza macho. Mtoto asiiguse kabisa. Majivu ya mbao zilizopakwa rangi yatupwe, rangi ya zamani ina risasi.

Vitabu vinasema tandaza sentimita 30 za udongo safi juu ya ule wa zamani. Mimi kipimo hicho sikiamini kwa nyanya, mizizi yake inashuka zaidi. Ndiyo sababu nasema chombo chenye kitako, si tuta.

Anza na maharagi, mbegu mbili kila shimo, kina cha kifundo kimoja cha kidole cha mtoto. Yanaota ndani ya wiki moja hivi, kabla hajachoka kungoja. Mazao ya tunda na punje hukusanya metali kidogo kuliko majani. Lengalenga ipandwe kwenye mfuko tu. Changanya mbegu na mchanga, la sivyo mtoto atamwaga zote mahali pamoja. Kumwagilia atumie kopo lililotobolewa kwa msumari, na asimwagilie udongo ukiwa bado unyevu juu: mtoto akipewa jagi, maharagi yanaoza.

Kucha fupi. Sabuni kabla ya bukari, kila mara.