Mtoto wa jicho na kipimo cha OCT kwa mwenye presha ya macho: lini uiamini karatasi ya majibu

Baba ana presha ya macho (glakoma), na sasa ana mtoto wa jicho (ukungu kwenye lenzi) pia. Majibu ya OCT (picha ya mwanga inayopima unene wa tabaka za nyuma ya jicho) yanaonyesha mshipa wa fahamu wa jicho umezidi kupungua. Ndiyo kusema ugonjwa umepanda?

Inawezekana, lakini msilipokee jibu hilo kabla hamjajua picha ilitoka vizuri au vibaya. Mashine ya OCT hupeleka kwenye retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) mwanga ambao jicho halioni vizuri, kisha hupima ule unaorudi. Mwanga huo hupita kwenye lenzi mara mbili, ukienda na ukirudi. Lenzi iliyoingia ukungu ni sawa na kioo cha chemli kilichoshika masizi: taa inawaka vilevile, ila nje kunafika kidogo. Programu ikipata mwanga hafifu hushindwa kuchora mpaka wa tabaka la nyuzi za neva (ndizo zinazoungana kuwa mshipa wa fahamu) mahali pake, na mara nyingi hulisoma kuwa jembamba kuliko lilivyo.

Kwa mtu mzima mwenye macho mazima, tabaka hilo lina wastani wa mikromita 90 hadi 100 hivi (mikromita 1,000 ni milimita moja). Likipungua mikromita 5 tu kati ya kipimo na kipimo, daktari anaanza kushuku glakoma inaendelea. Ukungu wa lenzi peke yake unaweza kuleta tofauti ya kiasi hicho, hata zaidi.

Tutajuaje kama picha ilikuwa nzuri?

Kwenye karatasi yenyewe kuna alama ya nguvu ya mwanga uliorudi. Kwenye mashine nyingine alama ya juu kabisa ni 10, na chini ya 6 picha haifai kutolea uamuzi. Nyingine hufika 40, na huko tunataka angalau 15. Kupita mpaka huo hakutoshi. Picha ya 9 ya mwaka jana na ya 6 ya mwaka huu zote zimefaulu, lakini ukizilinganisha utaona upungufu ambao huenda haupo. Linganisha zenye alama zinazokaribiana.

Tazama pia upungufu uko wapi. Glakoma mara nyingi huanza kula nyuzi za juu na za chini za mshipa, hasa chini upande wa sikio. Ukungu wa lenzi hupunguza namba karibu kote kwa pamoja. Na sehemu ikisomeka sifuri, hiyo ni hitilafu ya picha. Hata kwenye jicho lililopofuka kwa glakoma, unene hukwama karibu na mikromita 50, kwa kuwa mishipa ya damu na tishu nyingine hubaki.

Basi si apigwe picha ya kawaida ya rangi ya mshipa huo?

Apigwe, lakini mjue kwamba hiyo hudanganya kwa upande wa pili. Lenzi ya uzeeni huwa ya njano au ya kahawia, na mshipa uliopauka ukitazamwa kupitia humo huonekana una rangi ya afya. Kwa hiyo OCT inaweza kumtia mgonjwa hofu bure, na picha ya rangi ikamtuliza bure, kwenye jicho hilohilo, siku hiyohiyo. Kwa maoni yetu hakuna mgonjwa wa aina hii anayepaswa kubadilishiwa dawa au kupangiwa upasuaji wa glakoma kwa karatasi moja.

Kipimo cha uwanda wa kuona nacho hushuka kote kwa sababu ya ukungu. Daktari hutafuta mashimo, yaani sehemu ambazo uoni umeshuka kuliko kwingine.

Mtoto wa jicho wa aina zote husumbua sawa?

Hapana. Ule ulio nyuma ya lenzi, katikati kabisa, na ule wenye mistari kutoka pembeni huharibu picha zaidi ya ule wa kiini, yaani ulio ndani ya moyo wa lenzi.

Picha mbaya inaweza kuokolewa?

Mara nyingi, ndiyo. Mgonjwa apepese macho mara kadhaa, au atiwe tone la machozi ya bandia, kwa sababu jicho kavu nalo hupunguza mwanga. Anayepima ausogeze mwanga kidogo ndani ya mboni atafute upenyo kando ya ukungu. Arudie mara 2 au 3, achague iliyo bora, kisha atazame mistari iliyochorwa na programu badala ya kuishia kwenye rangi za karatasi, nyekundu ya upungufu na kijani ya kawaida. Mboni ikiwa ndogo, kama kwa wanaotumia pilokapini (tone la glakoma linalobana mboni), itanuliwe kwa dawa baada ya daktari kuhakikisha pembe ya jicho, pale maji ya jicho yanapotokea, si nyembamba.

Tunatoka Nansio, Ukerewe, kwa meli hadi Mwanza. Akitanuliwa mboni tutarudi siku hiyohiyo?

Dawa huchukua dakika 20 hadi 30 kufanya kazi, na ukungu wa kuona hudumu saa 4 hadi 6. Mwanga unaopigwa na maji ya ziwa utamuumiza, kwa hiyo aje na miwani ya jua au kofia pana, na mtu wa kumshika mkono kwenye ngazi za meli. Asiendeshe pikipiki wala kushika usukani wa mtumbwi siku hiyo. Mkiona muda ni mfinyu, laleni Mwanza. Asiache matone yake ya presha asubuhi ya safari, na mje na karatasi zote za zamani, hata zilizochakaa.

Akishatolewa mtoto wa jicho?

Namba za OCT huenda zikapanda. Mshipa haujapona, kwani nyuzi zilizokufa hazirudi. Ni picha tu iliyosafika. Apimwe upya kati ya mwezi 1 na wa 3, na kipimo hicho kiwe mwanzo mpya wa kulinganishia. Retina ikivimba baada ya upasuaji, jambo linalotokea zaidi wiki ya 4 hadi ya 6, unene wa katikati ya retina hausomeki kwa uhakika mpaka uvimbe uishe.

Matone ya glakoma yanaendelea isipokuwa daktari aseme vingine. Matone ya steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe) anayopewa baada ya upasuaji yanaweza kupandisha presha ya jicho, na wenye glakoma ndio wanaopatwa zaidi. Kwa hiyo apimwe presha siku za kwanza, na tena ndani ya wiki chache akiwa bado anayatumia, hata kama anaona vizuri na haumwi popote.