Kubomoa hospitali kongwe si kulisukuma tu

Mitaani Unguja utasikia: jengo la mawe na chokaa ni laini, lete kijiko, ule mtambo wa kuchimbia, lisukume, siku moja limekwisha. Wapi! Boriti za mikoko ndizo zinazoshikanisha kuta. Ukizing'oa ovyo, ukuta mzima unaweza kuangukia baraza ya jirani. Sehemu ya Beit el Ajaib, jumba la kihistoria la Mji Mkongwe, iliporomoka Desemba 2020, na pale mafundi walikuwa wakikarabati, hawabomoi.

Hospitali kuukuu huweza kuwa na paa la asbesto, yaani lenye madini ya nyuzi laini. Hilo hulowanishwa, likafunguliwa kipande kizimakizima bila kuvunjwa, kwani nyuzi zake zikivutwa pumzini huleta saratani ya mapafu. Umeme hukatwa kabla. Kisha kazi hushuka kutoka juu, ghorofa kwa ghorofa, vifusi vikimwagiwa maji.