Kujifunza maneno ya Kiingereza kwa sentensi: dhana potofu na ukweli wake

Wengi wanaojifunza Kiingereza wana daftari la safu mbili: huku neno, kule maana yake kwa Kiswahili. Dhana yenyewe ni kwamba ukishajua tafsiri, umelijua neno. Si kweli, na borrow na lend zinatosha kuonyesha kwa nini. Kwenye daftari yote mawili yataandikwa "azima". Ikifika siku ya kuongea, mwenye shida ya kalamu anasema "Please borrow me your pen", na hapo ameshakosea. Sentensi mbili fupi zinamaliza utata huo: "Can I borrow your pen?" na "Can you lend me your pen?" Anayepokea ndiye anaye-borrow, anayetoa ndiye anaye-lend.

Dhana ya pili ndiyo naona inapoteza watu wengi zaidi: kwamba sentensi yoyote inafaa, mradi neno limo. Chukua reluctant. "She was reluctant" ni sentensi sahihi kabisa, ila haifundishi kitu. Pale ungeweza kuweka tired, happy au tall na isiharibike. Sasa soma hii: "She was reluctant to sign the contract because she had not read it." Sababu ipo, kwa hiyo maana ya kusita inajitokeza yenyewe. Tena angalia kinachofuata neno: to sign. Hapo umepata na sarufi yake bila kufungua kitabu cha sarufi.

Hilo la neno kukaa na majirani wake halipewi uzito unaostahili. Mvua kubwa ni heavy rain, si big rain. Kukosea ni make a mistake, si do. Discuss haitaki about, ingawa mazoea yetu ya kusema "kujadili kuhusu" yanatusukuma kuiweka. Ni "We discussed the problem", basi. Kamusi ya COBUILD, iliyotoka mwaka 1987 chini ya John Sinclair wa Chuo Kikuu cha Birmingham, ilichota mifano yake kwenye maandishi na mazungumzo halisi yaliyohifadhiwa kwenye kompyuta, na ujirani wa namna hii unaonekana humo wazi. Lakini kwa anayeanza, mfano halisi wenye maneno mengine matatu asiyoyajua haumfai. Heri uliotungwa, ulio mwepesi.

Wapo pia wanaoamini kamusi haina kazi tena, kwa sababu maana itakisiwa kutokana na sentensi. Jaribu hapa: "He refused to drink the coffee because it was tepid." Chungu? Tamu mno? Chafu? Zote zinaingia, na jibu ni vuguvugu. Utafiti wa Hu na Nation wa mwaka 2000 ulikadiria kwamba msomaji anahitaji kujua kama asilimia 98 ya maneno ili aelewe maandishi vizuri bila msaada, yaani neno geni liwe moja katika kila 50. Kwa hiyo kisia kwanza, kisha hakikisha kwenye kamusi.

Kuhusu wingi wa maneno, kwa kifupi: si kila neno lina haki sawa ya kuingia kwenye daftari. Orodha ya maneno ya Kiingereza yanayotumika sana, aliyoitoa mwalimu Michael West mwaka 1953, yenye maneno ya msingi yapata 2,000, inagusa karibu asilimia 80 ya maneno ya maandishi ya kawaida. Anayeanza aanzie huko.

Dhana ya mwisho ni kwamba kusoma sentensi tena na tena kunatosha. Mwaka 2006 wanasaikolojia Roediger na Karpicke walilinganisha wanafunzi waliorudia kusoma na waliojipima kwa kukumbuka. Dakika tano baadaye waliorudia walikuwa mbele. Baada ya wiki moja, waliojipima waliwazidi. Kwa hiyo andika sentensi na kuacha pengo: "She was ____ to sign the contract." Kesho yake lijaze bila kuchungulia, kisha baada ya siku tatu, kisha wiki. Ukishalijaza bila taabu, tunga sentensi yako ya jambo la kweli: jambo gani wewe mwenyewe ulisita kulifanya, na kwa nini?