Mitandao ya kijamii iliyogatuliwa: mambo ya kujua kabla ya kufungua akaunti au blogu

Maombi ya kurudishiwa nywila yanayotufikia sisi wasimamizi wa seva siku hizi mengi ni ya akaunti ambazo haziko kwetu. Mtu anaandika kwamba amefungiwa Mastodon, na akiulizwa yuko seva gani, anajibu tena "Mastodon". Mastodon ni programu ya mtandao wa kijamii. Ilitolewa mwaka 2016 na Eugen Rochko, na yeyote mwenye uwezo anaruhusiwa kuiendesha kwenye mtambo wake. Seva, yaani mitambo inayoiendesha na kuhifadhi akaunti, ni maelfu; kila moja ina wasimamizi wake ingawa huwasiliana, na huko ndiko kugatuliwa. Sisi tunasimamia moja tu. Hatuwezi kufungua akaunti iliyo kwenye seva ya wenzetu, hata wenyewe wakituomba.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni anwani kamili. Anwani ina sehemu mbili, jina lako na jina la seva, na kila sehemu inatanguliwa na alama ya @. Sehemu ya pili ndiyo inayoonyesha data yako inashikwa na nani, ni kanuni za nani zinazokuhusu na ni nani awezaye kukurudishia nywila. Iandike mahali pengine nje ya simu, pamoja na barua pepe uliyojisajilia na zile namba za dharura unazopewa unapowasha uthibitisho wa hatua mbili. Wengi huzipuuza namba hizo, kisha simu ikipotea wanalaumu seva.

Mtu mwingine kuwa na jina kama lako kwenye seva nyingine si wizi, na malalamiko ya aina hiyo hatuyapokei, isipokuwa kama anajifanya wewe. Ukitaka wasomaji wajue akaunti halisi ni ipi, weka anwani ya tovuti yako kwenye wasifu, na kwenye tovuti hiyo weka kiungo kinachorudi kwenye wasifu wako chenye alama rel="me" katika HTML yake, inayosema kwamba wasifu huo ni wako. Tovuti iwe ya https. Hifadhi wasifu, na tiki ya kijani itatokea bila malipo. Kosa la kawaida ni kuhifadhi wasifu kabla kiungo hakijawekwa kwenye tovuti. Ukaguzi hufanyika wakati wa kuhifadhi, basi rudi uhifadhi tena.

Katika kuchagua seva, soma ukurasa wa maelezo yake hadi mwisho. Tazama kanuni, jina la msimamizi na njia ya kumpata, na seva ilizozizuia kama zimeorodheshwa. Seva zinazoorodheshwa kwenye joinmastodon.org zimekubali masharti manne: kudhibiti kwa vitendo ubaguzi na chuki, kuhifadhi nakala ya data kila siku, kuwa na angalau watu wawili wenye uwezo wa kuingia kwenye mtambo wakati wa dharura, na kuwapa watumiaji taarifa ya miezi mitatu kabla ya kufunga. Seva isiyo kwenye orodha hiyo si lazima iwe mbaya, lakini mwulize msimamizi wake maswali hayo hayo. Seva nyingine huhitaji ueleze sababu ya kujiunga. Ukiandika "nataka kujiunga" utakataliwa, kwa sababu hivyo ndivyo yanavyoandika maroboti ya matangazo.

Siku za kwanza ukurasa wako utakuwa mtupu, na hilo si hitilafu. Hakuna mtambo unaokuchagulia cha kusoma, na seva kwa kawaida hupokea machapisho ya watu ambao tayari kuna mtu hapo anayewafuata. Ukimfuata mtu mpya utaona atakayoandika kuanzia hapo. Ya zamani yasome kwenye seva yake. Utafutaji kwa maneno nao hauleti kila kitu: tangu toleo la 4.2 la mwaka 2023, machapisho yanayopatikana hivyo kwa kawaida ni ya waliokubali wenyewe kutafutwa. Ndiyo maana tunasisitiza alama za reli (maneno yanayotanguliwa na #). Anza kila neno ndani yake kwa herufi kubwa ili programu za kuwasomea wasioona zisiliunganishe, na kumbuka kwamba alama ya reli yenyewe inaweza kufuatwa kama mtu.

Faragha ndiyo inayotuletea ugomvi mwingi. Chapisho lina ngazi nne: la wazi kwa wote, la wazi lakini lisilopenyezwa kwenye orodha za umma, la wafuasi tu, na la waliotajwa tu. Hii ya mwisho watu huiita ujumbe wa siri. Si wa siri. Haufungwi kwa msimbo kutoka mwanzo hadi mwisho, hivyo wasimamizi wa seva yako na wa seva ya mwenzako wana uwezo wa kuusoma. Usitume humo nywila wala namba ya kadi. La pili ni baya zaidi: ukiandika anwani kamili ya mtu wa tatu ndani ya ujumbe huo, naye anaupokea. Kila mara kuna anayemsengenya mtu kwa kumtaja kwa @, kisha anatulalamikia kwamba tumevujisha mazungumzo yake.

Kufuta nako kuna mipaka. Unapofuta, seva yako hutuma ombi la kufuta kwa seva zilizopokea chapisho. Nyingi hutii, lakini iliyozimwa siku hiyo au iliyokata mawasiliano nasi inaweza kubaki na nakala.

Sasa adhabu, kwa kuwa utaratibu wake hausomwi. Ripoti hufanywa kwenye chapisho lenyewe: unachagua aina ya kosa, unaongeza machapisho mengine kama ushahidi, unaandika maelezo. Kama anayeripotiwa yuko seva nyingine, kuna kisanduku cha kupeleka nakala kwa wasimamizi wake. Usipokitia tiki, wao hawatajua lolote, na sisi tutakachoweza ni kumzuia asionekane kwetu. Hatua tunazoweza kuchukua ni onyo, kufuta chapisho au kufunika picha zake, kugandisha akaunti isiweze kuandika, kuibana ili ionekane na wafuasi wake tu, na mwisho kuisimamisha. Data ya akaunti iliyosimamishwa hukaa siku 30, kisha hufutwa moja kwa moja. Rufaa ni ndani ya siku 20 tangu adhabu, kupitia ukurasa wa adhabu hiyo hiyo kwenye akaunti yako. Kufungua akaunti ya pili na kututukana hadharani si rufaa. Adhabu ya seva moja haiifungi nyingine, kwa hiyo msituombe tukufungulieni mlikozuiwa kwingine.

Seva pia huweza kukata uhusiano na seva nzima, na hapo ufuasi kati ya watu wa pande hizo mbili hukatika. Kuanzia toleo la 4.3 mtumiaji hupewa taarifa na kuweza kupakua orodha ya aliowapoteza. Ipakue.

Kuhama kunawezekana, mradi kufanyike kwa mpangilio. Fungua akaunti mpya, na kwenye mipangilio yake itambulishe ile ya zamani kuwa yako. Nenda kwenye akaunti ya zamani, pakua orodha za unaowafuata, uliowazuia, uliowanyamazisha na alamisho, kisha toa amri ya kuhama na uithibitishe kwa nywila. Wafuasi watahamishwa wenyewe, taratibu. Orodha ulizopakua unazipakia mwenyewe upande mpya. Machapisho hayahami. Unaweza kuomba kifurushi cha nakala zake mara moja kila siku 7, lakini ni cha kumbukumbu, hakipakiki kwenye Mastodon nyingine. Baada ya kuhama hutahama tena hadi siku 30 zipite. Akaunti ya zamani usiifute, iache ielekeze wageni. Ukiifuta, jina hilo halitatumika tena kwenye seva hiyo. Kwa kuwa seva zote mbili lazima ziwe hai, tangazo la kufungwa likitoka hama wiki hiyo hiyo. Akaunti iliyosimamishwa haihami.

Bluesky, mtandao mwingine wa kijamii, ni jambo jingine. Inatumia itifaki (kanuni za mawasiliano kati ya seva) ya AT, ilhali Mastodon na wenzake hutumia ActivityPub, iliyopitishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, Januari 2018. Hazizungumzi moja kwa moja bila huduma ya kuziunganisha, yaani daraja, kama Bridgy Fed. Nostr, itifaki nyingine iliyogatuliwa, haina nywila kabisa, ina jozi ya funguo: ule wa siri ukipotea hakuna wa kukurudishia, na ukivuja hauwezi kubadilishwa.

Kwa blogu, wenye WordPress huhitaji programu-jalizi (plugin) ya ActivityPub. Blogu hupata anwani ya kufuatwa, na majibu kutoka Mastodon huingia kama maoni. Ikiwa blogu haipatikani kwenye utafutaji, kagua mambo matatu: WordPress iliyowekwa ndani ya folda badala ya kwenye mzizi wa tovuti, hivyo anwani za /.well-known/, ambazo seva nyingine huzitumia kuitafuta blogu, hazifikiki; programu ya ulinzi inayozuia maombi ya seva nyingine; na akiba ya kurasa (cache) inayozipa seva ukurasa wa kawaida wa wavuti badala ya JSON, data ya kusomwa na mitambo, zilizoiomba. Makala za zamani hazitumwi kwa wafuasi wapya, hivyo jaribu kwa kuchapisha mpya. WriteFreely, programu nyingine ya blogu, ni nyepesi zaidi na inawafaa wanaotaka kuandika bila sehemu ya maoni. Huko barua pepe ni hiari, lakini usipoiweka utakosa njia ya kurejesha nywila.

Kikoa, yaani jina la tovuti (domain), ukichague mara moja. Wafuasi wameshikamana na anwani, na ukibadilisha kikoa cha blogu, kwao wewe ni mgeni. Anayesimika Mastodon yake mwenyewe afahamu kwamba kikoa hakibadilishwi baada ya seva kuanza kuwasiliana na nyingine, na kwamba diski hujazwa zaidi na nakala za picha za watu wa seva nyingine kuliko za watumiaji wake. Apange amri ya tootctl media remove, inayofuta nakala hizo, ijiendeshe kila siku.